Seli T zinazozuia seli T nyingine: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mimi ni mwalimu wa baiolojia hapa Moshi. Maswali haya nimeyapata kwa wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita wa michepuo ya PCB na CBG, kwa wazazi ambao watoto wao wana pumu ya ngozi, kwa watu wanaohudhuria CTC, kliniki ya wanaoishi na VVU, na tangu Oktoba 2025 kwa yeyote aliyesikia redioni kwamba Tuzo ya Nobel ya tiba imekwenda kwa watu waliochunguza namna mwili unavyoizuia kinga yake wenyewe. Habari hiyo iliwashangaza wengi. Tangu enzi za korona tumehubiriwa kuongeza kinga asubuhi na jioni, halafu wanatokea watu wanapewa tuzo kwa kueleza inavyopunguzwa!

Mimi si daktari. Hapa naeleza mwili unavyofanya kazi. Mambo ya dozi na majibu ya vipimo vyako mwulize anayekutibu.

Kinga ndiyo inayotulinda. Kwa nini mwili utengeneze tena seli za kuizuia?

Kwa sababu kinga hutengenezwa kwa kubahatisha. Kila seli T, aina ya seli nyeupe za damu, ina kipokezi chake cha kutambulia adui, na kipokezi hicho hupatikana kwa vipande vya jeni kukatwa na kuungwa upya bila mpango wowote. Ndiyo maana mwili unaweza kutambua kirusi ambacho mwaka juzi hakikuwapo duniani: kwenye mamilioni ya vipokezi tofauti, hakikosekani kimoja kitakachokishika. Lakini kubahatisha huko huko huzaa seli ambazo vipokezi vyake vinashika kongosho lako, tezi yako ya shingo, au utando wa magoti yako.

Thaimasi, tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kifua, huzichuja seli hizo zikiwa changa. Zinaonyeshwa protini za mwili wenyewe, hata za viungo vya mbali, insulini ikiwemo, na seli inayong'ang'ania kwa nguvu huuawa pale pale. Wengi tuliosoma zamani tulifundishwa kwamba mambo yanaishia hapo. Hayaishii. Baadhi ya seli hupenya. Mtu mwenye afya kamili, anayepanda Mlima Kilimanjaro mpaka kituo cha Mandara bila kuhema, ana ndani ya damu yake seli T zenye uwezo wa kumshambulia. Hazimshambulii kwa sababu kuna kundi lingine la seli T linalozizuia, kila saa, maisha yake yote.

Sababu ya pili ni kwamba hata shambulio la haki lazima lifike mwisho. Kinga inapopambana na vijidudu mapafuni huharibu na mapafu yenyewe. Ikiendelea baada ya vijidudu kwisha, kinachobaki ni makovu.

Zinaitwaje, na ziko ngapi?

Ni seli T dhibiti. Ziko ndani ya kundi la CD4, yaani seli T zenye protini ya CD4 juu yake, ambazo nyingi ni seli saidizi, na kwenye damu ni kama asilimia 5 hadi 10 ya CD4 zote. Nyingi hutoka thaimasi zikiwa tayari na kazi hiyo. Nyingine huanza kama seli T za kawaida, kisha hugeuzwa zikiwa njiani mwilini, hasa kwenye utumbo, ambako kila mlo huleta protini ngeni ambazo haifai kuzipiga vita. Maabara huzitambua kwa protini zake: CD25 nyingi juu yake, CD127 kidogo, na FOXP3 ndani ya kiini. Zipo seli nyingine zinazozuia ambazo hazina FOXP3, na hata baadhi ya CD8, kundi la seli uaji, hufanya kazi hiyo, ila hizo nitaziacha.

Zinazizuiaje hasa? Zinaua?

Mara chache huua. Zaidi hunyima.

Seli T ikishaamshwa inahitaji interlukini-2, kemikali ya ujumbe wa kinga, ili igawanyike. Inaitengeneza yenyewe, inaimwaga nje, kisha inaipokea. Seli dhibiti haiwezi kutengeneza interlukini-2 yake, lakini ile CD25 ni sehemu ya kipokezi kinachoinasa interlukini-2 hata ikiwa chache mno, na seli dhibiti inakuwa nacho muda wote, wakati seli ya kawaida hukiongeza baada ya kuamshwa. Aliyekulia Machame au Kibosho ataelewa mara moja: mwenye shamba la juu akifungulia maji ya mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia, usiku kucha, wa chini anaamka na udongo mkavu, na hakuna aliyempiga wala kumtukana. Seli T iliyokosa interlukini-2 huacha kugawanyika, na nyingi hufa.

Njia ya pili naipenda kuliko zote, kwa sababu ni uporaji wa mchana kweupe. Seli T haiamki kwa kuona antijeni (kile kipande ambacho kipokezi chake hukishika) peke yake. Inahitaji ishara ya pili, nayo hutolewa na protini za CD80 na CD86 zilizo juu ya seli ya dendriti, ile inayokuja kuonyesha antijeni. Seli T huipokea ishara hiyo kwa kipokezi cha CD28. Seli dhibiti imebeba CTLA-4, inayoshika CD80 na CD86 kwa nguvu kuliko CD28. Na haiishii kuzishika. Mwaka 2011 ilionyeshwa kwamba CTLA-4 huzing'oa protini hizo kutoka kwenye seli ya dendriti na kuziingiza ndani ili zivunjwevunjwe. Seli ya dendriti inabaki inaonyesha antijeni, ila ishara ya pili haina. Seli T inayofika hapo inaona na haiamki.

Zaidi ya hayo, seli dhibiti hutoa sitokini (kemikali za ujumbe wa kinga) za kutuliza, interlukini-10 na TGF-beta, na kwa kutumia vimeng'enya vya CD39 na CD73 hugeuza ATP, molekuli ya nishati, iliyomwagika nje ya seli kuwa adenosini, ambayo nayo hutuliza. Mara moja moja hutoboa seli nyingine na kuziua kwa vimeng'enya vya granzaimu.

Wanafunzi hutaka kujua ipi ndiyo njia "yenyewe". Jibu linategemea uko sehemu gani ya mwili. Panya ambao seli zao dhibiti zimenyimwa uwezo wa kutoa interlukini-10 huugua utumbo, mapafu na ngozi, sehemu zinazokutana na vitu vya nje, lakini hawapati ugonjwa wa mwili mzima. Panya ambao seli zao dhibiti zimenyimwa CTLA-4 hupata ugonjwa wa mwili mzima na hufa mapema.

Jambo moja husahaulika. Seli dhibiti nayo lazima kwanza ione antijeni yake ndipo iamke. Ikishaamka, inawazuia majirani wote walio karibu, hata wanaotambua antijeni tofauti kabisa.

Nani aligundua seli hizi?

Habari inaanza na jambo lililokuwa kinyume cha matarajio. Mwaka 1969 Wajapani wawili, Nishizuka na Sakakura, waliwatoa thaimasi panya jike wakiwa na umri wa siku tatu. Ungetegemea kinga yao ipungue tu, maana thaimasi ndiko seli T zinakotoka. Badala yake, ovari zao ziliharibika. Wakitolewa thaimasi wakiwa na siku saba, hakuna kilichotokea. Maana yake, kati ya siku ya tatu na ya saba kuna kitu kinatoka thaimasi na kwenda kulinda viungo.

Shimon Sakaguchi alikishikilia kitendawili hicho kwa miaka mingi, wakati wenzake wengi walikuwa wameshaliacha somo lenyewe. Mwaka 1995 alichapisha jibu. Alichukua seli T za panya mzima, akaondoa zile zenye CD25, akazipandikiza zilizobaki kwa panya wasio na seli T. Panya wale walipata magonjwa ya kinga kujishambulia: tezi ya shingo, tumbo, viungo kadhaa. Alipowarudishia seli za CD25, magonjwa hayakutokea.

Upande wa pili wa habari uko Oak Ridge, jimbo la Tennessee nchini Marekani, ambako mwaka 1949, kwenye maabara iliyokuwa ikichunguza madhara ya mionzi, walizaliwa panya dume wenye ngozi ya magamba, wengu na tezi za limfu zilizovimba, waliokufa baada ya wiki chache tu. Majike waliobeba kasoro hiyo walikuwa wazima, kwa hiyo ilijulikana kwamba kasoro iko kwenye kromosomu X. Ilikaa bila kupatikana kwa miaka zaidi ya hamsini. Mary Brunkow na Fred Ramsdell, wakifanya kazi kwenye kampuni ya dawa karibu na Seattle, waliisaka kwa njia za wakati ule, kipande kwa kipande, hadi wakabaki na eneo lenye jeni 20. Wakazichunguza moja moja. Ilikuwa ya ishirini. Matokeo yalitoka mwaka 2001, na jeni hiyo ndiyo FOXP3.

Mwaka 2003 pande hizo mbili zilikutana: maabara tatu, ya Sakaguchi ikiwa mojawapo, zilionyesha kwamba FOXP3 ndiyo inayoifanya seli T kuwa seli dhibiti. Tarehe 6 Oktoba 2025 Sakaguchi, Brunkow na Ramsdell walitangazwa washindi. Ramsdell alikuwa matembezini milimani, hapatikani kwa simu, na dunia ikamjua kabla yeye hajajua. Wapagazi wa Marangu watamwelewa.

Mwalimu wetu wa zamani alisema seli T za kukandamiza zilikuwa uongo. Ipi kweli?

Hakukosea kwa wakati wake. Miaka ya 1970 mwanzoni Richard Gershon wa Chuo Kikuu cha Yale alitoa ushahidi kwamba seli T zinaweza kuzuia kinga badala ya kuichochea. Watu wakalivamia somo hilo. Wakajenga minyororo mirefu: seli hii inaiambia ile, ile inaiambia nyingine, kila kiungo na protini yake, na kwenye mnyororo wote protini moja iliyoitwa I-J ilikuwa ndiyo alama kuu. Vipimo vya urithi vilionyesha mahali pake kwenye kromosomu ya panya. Mwaka 1983 eneo hilo liliposomwa kwenye DNA yenyewe, jeni ya I-J haikuwapo.

Somo zima likaporomoka. Kwa zaidi ya miaka kumi, neno "kukandamiza" kwenye ombi la fedha za utafiti lilitosha kulitupa kapuni. Kwa maoni yangu hii ndiyo sehemu yenye mafunzo kuliko zote kwa kijana anayetaka utafiti: Gershon aliona jambo la kweli, maelezo yaliyojengwa juu yake yakawa mabovu, na watu wakavitupa vyote viwili kwa pamoja. Sakaguchi alifanikiwa kwa sababu hakuanza na maelezo. Alianza na alama moja inayopimika, CD25, akauliza: nikiziondoa seli hizi, nini kinatokea?

Kuna watu wanaozaliwa bila seli hizi?

Wapo, wachache sana, na karibu wote ni wavulana, maana FOXP3 iko kwenye kromosomu X na mvulana ana X moja tu. Ugonjwa unaitwa IPEX. Mtoto huanza kuharisha mfululizo akiwa na wiki au miezi michache, hakui, anapata kisukari cha aina ya kwanza akiwa bado ananyonya, na ngozi yake inachubuka kwa pumu ya ngozi. Wengi hufa wadogo wasipopata matibabu. Kinachoweza kuwaponya ni kupandikizwa uboho kutoka kwa mtu mwingine.

Mama zao huwa wazima, na hapo pana fundisho. Kwa mwanamke, kila seli huzima X moja kati ya mbili, kwa hiyo seli dhibiti alizo nazo ni zile zilizobahatika kuwasha X yenye FOXP3 nzima. Hizo chache zinamtosha. Yaani seli zilizo salama hazijitulizi zenyewe tu, zinazituliza na zile nyingine. Kwa panya imethibitishwa moja kwa moja: ukimpa dume mchanga mwenye kasoro seli dhibiti za panya mzima, haugui.

Nina lupasi (au rumatoidi, au kisukari cha aina ya kwanza). Seli zangu dhibiti zimepungua?

Si lazima. Haya yote ni magonjwa ya kinga kujishambulia, lakini kwa wagonjwa wengi idadi yake kwenye damu haipishani sana na ya watu wengine. Tatizo linaweza kuwa kwamba zinafanya kazi kwa udhaifu, au kwamba seli zinazoshambulia zimekuwa sugu hazisikii tena. Kuna tofauti ndogo za kurithi kwenye jeni za CD25 na CTLA-4 zinazoongeza kidogo uwezekano wa kupata kisukari cha aina ya kwanza na magonjwa mengine ya aina hiyo, na hilo linaonyesha kwamba njia hizi zinahusika. Lakini mwenye tofauti hizo anaweza kuishi hadi uzee bila kuugua.

Tafadhali usimwambie mzazi wa mtoto mwenye kisukari kwamba alimlisha sukari nyingi. Kwa aina ya kwanza ni seli T zilizoharibu kongosho. Nimechoka kusikia hilo kwenye vikao vya wazazi.

Kipimo cha CD4 cha CTC kinahesabu na hizi?

Ndiyo, zinahesabiwa pamoja na seli saidizi bila kutenganishwa. VVU huziingia seli dhibiti vilevile. Siku hizi kliniki hufuatilia zaidi wingi wa virusi kwenye damu kuliko CD4, na ndiyo sahihi.

Mwingine huanza ARV akiwa na TB, na wiki chache baadaye homa inarudi na matezi yanavimba kuliko mwanzo. Watu husema dawa imemkataa. Mara nyingi ni kinga iliyoanza kurudi kwa kasi na kuvivamia vimelea ambavyo awali haikuwa na nguvu ya kuvigusa. Usiache dawa, rudi kliniki ukaonwe.

Kwenye TB, malaria na maambukizi mengine, zinasaidia au zinaharibu?

Yote mawili, na hapa ndipo somo linaponoga.

Kwa TB, majaribio ya panya yameonyesha kwamba seli dhibiti huchelewesha seli T nyingine kufika mapafuni, na wakati huo bakteria wanazaliana kwa raha. Hiyo ni hasara. Lakini sehemu kubwa ya mashimo ya mapafu ambayo madaktari wa hospitali ya TB ya Kibong'oto huyaona kwenye picha za eksirei inatokana na kinga yenyewe, na bila kitu cha kuizuia uharibifu ungezidi.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa leishmania, kimelea kinachoenezwa na usubi. Panya aina fulani hupona kidonda cha ngozi, lakini vimelea wachache wanabaki pale, wamelindwa na seli dhibiti. Ungesema ni uzembe wa mwili. Watafiti wakaizima interlukini-10, mojawapo ya silaha za seli hizo, na kweli panya wakasafisha vimelea wote. Kisha wakawaambukiza upya. Waliosafishwa kabisa walikuwa wamepoteza kinga yao, wale wenye mabaki walikuwa nayo. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2002, na kila ninapoufundisha kuna mwanafunzi anayekataa mpaka achorewe ubaoni.

Nimesikia minyoo hutuliza kinga na kuzuia aleji. Basi tusiwape watoto dawa?

Wape. Hili nalijibu kwa ukali kidogo.

Ni kweli minyoo wengi wanaoishi miaka ndani ya mtu huchochea seli dhibiti na interlukini-10, la sivyo wangetimuliwa. Utafiti uliofanywa Gabon na kuchapishwa mwaka 2000 ulikuta watoto wenye kichocho cha mkojo wakiwa na mzio mdogo wa ngozi dhidi ya wadudu wa vumbi la nyumbani kuliko wenzao wasio nacho, na interlukini-10 ilihusika. Ni sayansi nzuri. Lakini mtoto wa maeneo ya mpunga ya Lower Moshi mwenye kichocho hanunui nafuu ya aleji, analipa kwa damu, kwa ini, na kwa kusinzia darasani. Kinga iliyotulizwa na minyoo inaweza pia kujibu chanjo kwa ulegevu. Siku ya kugawa dawa shuleni, mpeleke.

Dawa za kuongeza kinga zinazouzwa stendi, je?

Muulize muuzaji: kinga ipi? Interlukini-2? Seli za CD8? Seli dhibiti nazo ni kinga, je, hizo unaziongeza au unazipunguza? Kama kweli chupa ile ingeongeza kinga yote kwa jumla, mwenye lupasi angelazwa baada ya kuinywa. Wengi huponea kwa sababu ndani mna tangawizi na sukari.

Chanjo ni jambo jingine. Inafundisha seli mahususi dhidi ya adui mahususi, nayo mifumo ya kuzuia inaendelea kufanya kazi yake.

Vipi kuhusu chakula? Mbege inasaidia?

Nyuzinyuzi za chakula hazimeng'enywi na sisi, humeng'enywa na bakteria wa utumbo mpana, ambao hutoa asidi fupi kama butireti. Mwaka 2013 tafiti kadhaa za panya zilionyesha kwamba asidi hizo huongeza seli dhibiti kwenye utumbo. Maharage, mboga, ndizi, ulezi: vyakula vya bibi zetu vinavyo kwa wingi.

Kuhusu mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, tuna utafiti wa nyumbani. Mwaka 2025 watafiti wa hospitali ya KCMC ya hapa Moshi na wa Chuo Kikuu cha Radboud cha Uholanzi walichapisha matokeo ya wanaume 77 wenye afya wa Kilimanjaro, wa mjini na wa vijijini. Waliozoea chakula cha asili walihamishiwa chakula cha kizungu kwa wiki mbili, wengine wakafanya kinyume chake, na kundi jingine likanywa mbege kila siku kwa wiki moja. Waliohamia chakula cha kizungu viashiria vya uvimbe vilipanda kwenye damu na seli zao zikawa dhaifu kujibu vijidudu. Waliorudi kwenye chakula cha asili na wale wa mbege walionyesha mwelekeo wa kutulia, na baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yapo wiki nne baadaye.

Ila utafiti huo haukulenga seli dhibiti, na wiki moja ya mbege kwa kijana mzima haifanani na miaka ishirini ya kilabuni. Shemeji zangu wameshaanza kunitumia utafiti huu kama cheti.

Zinahusianaje na saratani?

Vibaya. Uvimbe wa saratani huzivuta seli dhibiti na kujificha nyuma yake. Huenda hiyo ni sehemu ya sababu dawa ya ipilimumabu, inayoifunga CTLA-4 na iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2011, iliwapa uhai mrefu baadhi ya wagonjwa wa saratani ya ngozi ya melanoma. James Allison, aliyeanzisha wazo hilo, alipata Nobel mwaka 2018 pamoja na Tasuku Honjo. Angalia madhara yake: kuhara kwa utumbo kushambuliwa, ini, tezi ya shingo, ngozi. Inakaribia sana kuwa orodha ya IPEX.

Na ujauzito?

Nusu ya protini za mtoto ni za baba, kwa hiyo kwa seli T za mama mtoto ni mgeni. Seli dhibiti huongezeka wakati wa mimba, na mwaka 2004 ilionyeshwa kwamba panya wasio nazo hupoteza mimba za dume wa ukoo tofauti. Wanawake wengi wenye rumatoidi hupata nafuu wakiwa wajawazito, kisha maumivu hurudi baada ya kujifungua, na seli hizi huenda zinachangia.

Kuna tiba ya kuziongeza? Nikapimwe wapi, Moshi au Arusha?

Usihangaike kutafuta kipimo. Hakuna uamuzi wa kawaida wa matibabu unaotegemea idadi ya seli dhibiti kwenye damu yako.

Tiba ziko kwenye majaribio. Moja ni interlukini-2 kwa dozi ndogo sana: kwa kuwa seli dhibiti huinasa hata ikiwa chache, dozi ndogo huzifikia hizo kwanza. Nyingine ni kuchukua seli dhibiti za mgonjwa, kuzikuza maabara na kumrudishia, ikajaribiwa kwa waliopandikizwa figo ili wapunguziwe dawa za kushusha kinga. Hapa Tanzania upandikizaji wa figo ulianza Muhimbili mwaka 2017, na wagonjwa wale bado wanategemea vidonge vya kila siku, kwa hiyo msidanganywe na anayesema ana "sindano ya Nobel".

Tahadhari haijatoka hewani. Machi 2006 huko London, watu sita waliojitolea walidungwa dawa iliyoitwa TGN1412, ambayo dawa pacha yake iliyotengenezwa kwa ajili ya panya iliongeza seli dhibiti vizuri kabisa. Walipewa dozi mara 500 chini ya ile iliyoonekana salama kwa wanyama. Ndani ya saa chache seli zao T nyingi mno ziliamka kwa pamoja na kumwaga sitokini, na wote sita wakaishia chumba cha wagonjwa mahututi. Walinusurika. Panya wa maabara wanaishi kwenye usafi mno, hawana seli T nyingi zenye kumbukumbu za vita vilivyopita, na seli hizo ndizo zilizolipuka kwa binadamu.

Mtihani ukiuliza aina za seli T, niandike nini?

Andika seli saidizi, seli uaji, seli za kumbukumbu na seli dhibiti. Kwa seli dhibiti taja CD25 na FOXP3, kisha eleza njia mbili za kuzuia: kunasa interlukini-2, na CTLA-4 kuondoa CD80 na CD86. Kitabu chako kikisema seli T za kukandamiza ni za CD8, ni cha zamani. Andika CD4 na uweke FOXP3 pembeni ili msahihishaji aone unajua unachosema.